Tumbo la Gari na Mlima wa Getini

Kuna mlio ambao mtu anayekaa Goba, Salasala, Makongo Juu au Kimara kwa ndani hana haja ya kuchungulia dirishani kujua ni wa nini. Ni chuma kikikwaruzana na zege, polepole, halafu kimya, halafu sauti ya mlinzi: "Rudi kidogo bosi. Rudi. Kata kushoto. Njoo, njoo, njoo... simama hapo hapo!" Mtaa mzima unajua fulani karudi kazini na lile gari lake jipya, na unajua leo amebeba watu.

Dar es Salaam ya zamani, kuanzia Kariakoo hadi Sinza, ni tambarare. Kule shida ni maji kutuama, si mlima. Lakini viwanja vya tambarare ambavyo mtu wa mshahara anaweza kuvigusa viliisha, tukapanda vilimani na mabondeni, kila mmoja na kipande chake. Wenzetu wa Mwanza walitangulia. Nyumba za Mabatini na Igogo zimekaa juu ya majabali, na mwenye gari huko huliacha chini akapanda kwa miguu, wala haoni haya. Sisi wa Dar tunataka gari lilale ndani ya geti. Siwalaumu. Gari likilala nje, asubuhi unaweza kulikuta halina vioo vya pembeni wala nembo, na wewe una kikao saa mbili.

Sasa gari lenyewe. Magari mengi tunayoyatoa bandarini, IST, Vitz, Raum, Mark X, Crown, yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za miji ya Japani, zenye lami safi hadi mlangoni. Sheria ya huko inataka gari liwe juu ya ardhi kwa sentimita 9 tu, basi, linapita ukaguzi. Tena maegesho yao mengi ya ghorofa, yale ya mashine inayonyanyua gari na kulipachika juu, hupokea gari lenye kimo kisichozidi mita 1.55. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa na kila sababu ya kulikalisha gari chini, na hakuna aliyemwambia kwamba miaka 15 baadaye litapandishwa kilima cha Kinzudi likiwa na mfuko wa mchele, mitungi miwili ya gesi na shangazi watatu wanaokwenda kwenye kitchen party.

Gari dogo la aina hiyo huwa na uwazi wa kati ya sentimita 13 na 16 chini ya tumbo, likiwa tupu. Ndipo watu wanaposema: mlima wangu ni mkali mno. Hapo, msikilizaji, ndipo ninapokataa. Lori linapanda mlima mkali. Bajaji inapanda mlima mkali, inalia lakini inapanda. Hata hiyo IST yako, ikishakaa katikati ya mlima, inapanda vizuri tu wala haigusi kitu, kwa sababu matairi yote manne yako kwenye mteremko mmoja. Inayokwaruza ni pembe. Mlima unapoanzia barabarani kuna pembe, na mlima unapoishia pale getini, uwanja unapokuwa bapa ghafla, kuna pembe nyingine. Ya chini inakula bampa. Ya juu inakula tumbo.

Tuishike hiyo ya juu, maana ndiyo yenye gharama. Tairi la mbele limeshavuka, liko uwanjani. Tairi la nyuma bado liko mlimani. Ile ncha ya zege inabaki katikati, chini ya miguu ya abiria, na kadiri tairi la mbele lilivyo mbali na la nyuma, ndivyo ncha inavyopenya juu zaidi. IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ina mita 2.5 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Ukichukua uwazi wa sentimita 15, hesabu inakuambia kwamba inavuka pembe ya mlima unaopanda hadi sentimita 24 kwa kila mita moja. Ukizidi hapo inaanza kulamba. Crown ina mita 2.85, na ukiipa sentimita 14 inaanza kulamba kwenye sentimita 20 kwa mita. Kumbe Crown inakwama mahali IST ilipopita, hata kama kimo cha tumbo ni karibu sawa, kwa ule urefu wake tu. Wenye Alphard, mna karibu mita 2.9 au zaidi kidogo. Mlikuwa mnajiuliza kwa nini gari linaloonekana refu kwenda juu linakwaruza. Hilo ndilo jibu.

Na hapo bado halijabeba mtu. Watu watano wazima ni kilo 350 hivi, na mzigo huo unaliteremsha gari dogo sentimita 3 hadi 5, zaidi kama springi zimechoka. Sentimita 15 zinakuwa 11. Ile IST iliyokuwa inavuka 24 sasa inaishia kwenye 17 au 18. Ndiyo maana Jumatatu unapita peke yako bila neno, Jumapili ukirudi na familia kutoka kanisani gari linapiga kelele, unadhani kuna mtu kaja usiku kaongeza zege.

Kuna dada mmoja jirani ana Raum. Yeye hana hesabu hizi, lakini anazifanya kwa vitendo. Akifika chini ya mlima anasimama, anageuka nyuma, anasema, "Haya, wapendwa, tushuke." Wote wanashuka, hata mama mkwe. Anapandisha gari tupu, anawasubiri juu wakihema. Mama mkwe alinuna siku za mwanzo. Siku hizi anafungua mlango kabla hajaambiwa.

Wengine hukimbilia kwa fundi, na hapa nina neno. Mtu anasema gari langu liko chini, nibadilishie shokapu. Anabadilishiwa, analipa, gari liko pale pale. Shokapu ya kawaida kazi yake ni kutuliza kudunda. Uzito wa gari umebebwa na springi. Kama gari limelala, angalia springi. Baada ya hapo ndipo inakuja spesa, kile kipande cha mpira au cha aluminiamu kinachowekwa kuinua gari. Spesa ya sentimita 2 au 3 inasaidia, na kwa nyumba yenye pembe ndogo inaweza kumaliza kabisa ugomvi. Lakini kuna vijana wanarundika spesa juu ya spesa mpaka gari linasimama kama mbuni. Shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi, mipira yake inachanika, grisi inaruka, tairi linaliwa upande mmoja, na kwenye kona gari linayumba. Ukiweka spesa, nenda moja kwa moja ukapange matairi kwa mashine. Na ukiambiwa weka tairi kubwa, kumbuka kwamba tairi likiongezeka kipenyo kwa sentimita 4 gari linanyanyuka sentimita 2 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Zaidi ya hapo linaanza kusugua ndani ya madgadi ukikata kona.

Kabla hujalipa shilingi kwa yeyote, pima. Huhitaji mhandisi. Tafuta ubao ulionyooka, wa urefu unaolingana na umbali wa kati ya tairi la mbele na la nyuma la gari lako. Tafuta tofali mbili za inchi 5, zile za saruji za kawaida, zilaze ubavu ili kila moja iwe na kimo cha inchi 5, yaani sentimita 12 na nusu na kidogo. Weka ubao juu yake, tofali moja kila mwisho, uvukishe pembe ya juu ya mlima wako. Sasa sogeza polepole, tofali zote mbili pamoja, kidogo kidogo, kuanzia tofali la mbele linapofika kwenye pembe hadi la nyuma linapoifikia. Mahali popote zege litakapogusa ubao, hapo ndipo gari lako likiwa na watu litagusa. Chora alama kwa chaki. Mara nyingi utakuta ugomvi wote uko kwenye kipande kisichofika hata upana wa mlango. Watu wamebadilisha magari kwa ajili ya kipande hicho.

Kama zege limeshakauka na fedha ya kulivunja haipo, basi tuzungumze uendeshaji. Kosa kubwa ninaloliona ni mwendo. Mtu anajua mlima ni mbaya, anavuta kasi barabarani ili "aupige" kwa nguvu. Pua ya gari inafika kwenye pembe ya chini, springi zinabonyea, bampa linakula zege, kisha gari linadunda na kufika juu likiwa halina utulivu. Kingine ni breki. Ukikanyaga breki pua inainama, na kuinama huko kunakula zile sentimita chache ulizo nazo. Punguza mwendo mapema, kisha, mita moja kabla ya pembe, achia breki, gari liingie likiwa limenyanyua uso. Gari la otomatiki liweke kwenye L au 2, lipande kwa pumzi moja. Gari la gia, usichezee klachi katikati ya mlima. Vuta handibreki, tia gia ya kwanza, sikiliza injini ikianza kuvuta, ndipo uiachie.

Halafu kuna kupanda kwa ubavu. Yule mlinzi anaposema "kata kushoto" anajua anachofanya. Ukiupanda mlima kwa mshazari, njia ya gari inakuwa ndefu na mteremko unapungua. Kwa mshazari kamili wa nyuzi 45 unabakiwa na karibu asilimia 70 tu ya ukali wake. Pia tairi linafika kwenye pembe moja baada ya jingine, bampa haliingii lote kwa pamoja. Shida ni kwamba geti la mita 3 na nusu halikuachii nafasi ya mshazari, labda uanze kuukata tangu barabarani, na barabarani kuna bodaboda. Tena ukizidisha, tairi moja la mbele linabaki hewani. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lisilo na mzigo, lile linazunguka ovyo na lenzake limenuna. Hapo ndipo unapoona watu wanaitwa kuja kukalia boneti.

Mvua ikinyesha, utaona jambo ambalo wageni hulicheka: watu wanapanda kinyumenyume. Wasicheke. IST na Vitz nyingi zinavutwa na matairi ya mbele. Ukipanda mlima, uzito unarudi nyuma, ya mbele yanakuwa mepesi na yanateleza kwenye zege lenye tope. Ukigeuka ukapanda kwa rivasi, matairi yanayovuta ndiyo yanakuwa upande wa chini, uzito unayaangukia, yanang'ata. Ila mtu asimame nyuma kukuangalia. Nje ya geti kuna watoto, na dereva aliye kwenye mteremko wa namna hii, akipanda au akishuka, kuna sekunde kadhaa haoni kitu ila mbingu au boneti yake.

Ukishasimama, usikimbilie P. Otomatiki ikiwekwa P, gari linashikwa na jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi. Ukiachia breki wakati handibreki haijavutwa, gari zima linaliegemea jino hilo, na asubuhi gia inagoma kutoka, ukiilazimisha inatoa mshindo unaokuamsha usingizi uliobaki. Kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia mguu ili gari litulie juu ya handibreki, kisha ndipo uweke P. Na jiwe nyuma ya tairi, kama utingo wa lori anavyowahi na gogo lake. Handibreki za magari yetu tunazijua wenyewe.

Ukigusa kwa nguvu, usiondoke tu kwa sababu injini inaunguruma. Chini hapo kuna egzosti, kuna sampo ya oili, na kwenye otomatiki kuna sampo ya giaboksi pia. Simama mahali bapa, chungulia chini kwa tochi ya simu. Tone moja moja ni fundi kesho. Mchirizi ni kutokwenda popote. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya njia na wote nyuma yako wanapiga honi. Honi haijaua injini ya mtu.

Nimezungumza sana juu ya gari, na kwa kweli gari limeonewa. Mlima wa getini ndio kitu cha mwisho kufikiriwa katika nyumba nzima. Mtu anapanga vyumba, anapanga dari, anabishana mwezi mzima juu ya rangi ya vigae. Usawa wa sakafu unaamuliwa na msingi, ambao ulipandishwa juu ili maji yasiingie. Usawa wa barabara unaamuliwa na barabara. Kinachobaki katikati ndicho kinaitwa njia ya gari, na kinapewa siku moja, mchanganyiko uliobaki na fundi anayewahi daladala. "Bosi, hii inapita tu." Inapita nini? Yeye alikuja na baiskeli.

Chukua uwanja ulio juu ya barabara kwa mita 1 na nusu, na nafasi ya mita 4. Fundi akinyoosha moja kwa moja, mlima unapanda zaidi ya sentimita 37 kwa mita, na pembe zote mbili ni za kuua. Viwango vya maegesho vya Australia na New Zealand, ambako wenye nyumba za vilimani wameumizana vichwa na jambo hili kwa muda mrefu, vinaweka mwisho wa sentimita 25 kwa mita kwa njia ya nyumbani. Mteremko ukibadilika ghafla kwa zaidi ya sentimita 12 na nusu pale juu, vinataka kipande cha mpito, mita 2 hivi, chenye nusu ya ukali. Piga hesabu kwa mlima wetu: mita 2 za kuanzia zipande 12, mita 2 za mwisho zipande 12, katikati 24. Zile pembe mbili zimekuwa nne, lakini kila moja ni ndogo, na IST yenye shangazi watatu inapita kimya. Gharama yake ni nafasi. Unahitaji mita 8 na robo, si 4. Maana yake geti lirudi ndani, au sehemu ya uwanja ichimbwe, na hilo linaamuliwa kabla ya kujenga ukuta. Ukishajenga ukuta mpakani, unaanza kuusogeza mlima barabarani, kwenye hifadhi ya barabara, juu ya mtaro wa watu wote. Unaweka bomba jembamba chini yake, linaziba masika ya kwanza, maji yanaingia kwa jirani, na mwenyekiti wa mtaa anapata kazi.

Juu ya zege lenyewe, mkataze fundi kupiga niru. Niru ni ya sebuleni. Mlima unataka uso uliokwaruzwa, mistari ya kukingama kila baada ya inchi chache, ichorwe zege likiwa bado bichi.

Na kuna mkono mwingine ambao hatuutaji: greda. Barabara zetu nyingi za mitaani, ambazo tangu 2017 ziko chini ya wakala wa barabara TARURA, ni za udongo. Kila baada ya masika greda likija kusawazisha, linakwangua. Mvua ijayo inachukua udongo mwingine. Miaka ikipita barabara inazama, nyumba ziko pale pale, na mlima uliokuwa unapitika unakuwa na kidaraja mwishoni. Mtu anamtukana fundi aliyekwishasahau hata mtaa. Kwa hiyo kipande cha mwisho, mita moja au mbili za chini zinazokutana na barabara, usikimwagie zege. Weka vitofali vya pevingi juu ya mchanga, au moramu iliyoshindiliwa. Barabara ikishuka, unavitoa, unapanga upya kwa mteremko mpya, kazi ya asubuhi moja na vijana wawili.

Kama mnasikia lami inakuja mtaani kwenu, msingoje ifike getini. Kabla ya lami wanakuja wapima, wanapiga vigingi vyenye alama, na mhandisi wa mradi ana mchoro unaoonyesha barabara itakuwa juu au chini kiasi gani mbele ya kila nyumba. Mwendee wakati huo, na utepe wako wa kupimia, umwulize usawa wa mwisho wa mtaro wa mbele ya geti lako. Atakuambia bila shida, pengine atakusogezea na kalavati. Ukimfuata zege la mtaro likishakauka, atakupa pole tu.